Sura ya Nne: Muhuri wa Tarehe Tisa

Fundi wa mihuri aliipokea ile pasipoti kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani akiwa amelowa. Akaisogeza chini ya taa ya mezani, akabandika lenzi kwenye jicho la kulia, akaanza kuchunguza.

Inspekta alisubiri amesimama. Kibandani mlikuwa na kiti kimoja cha wageni, nacho Koplo alikwisha kukikalia. Alisema goti lake lina historia. Historia yenyewe ilikuwa kuteleza kwenye sherehe ya mtu mwingine aliyepandishwa cheo.

"Haya, sema," Koplo akaanza. "Muhuri huu si wewe uliyeuchonga?"

Fundi akavua lenzi. Alikuwa amekasirika kweli.

"Afande, nitukane mimi, nitukanie na ukoo wangu, lakini kazi yangu usiiguse. Tazama mviringo huu ulivyopinda. Tazama herufi, moja imenenepa, nyingine ina njaa. Mimi nitoe kitu kama hiki dukani kwangu?"

"Kwa hiyo unakiri kuwa ungeweza kuchonga mzuri zaidi," Inspekta akasema.

"Nakiri kuwa macho ninayo, mama. Nachonga mihuri ya shule na ya vikundi. Huu ni wa serikali wenyewe."

"Umejuaje?"

Akaugeuza ukurasa kuelekea mwangaza. Juu palikuwa na muhuri wa kutoka, tarehe mbili ya mwezi wa tatu, miaka kumi na tisa iliyopita. Chini yake, muhuri wa kuingia, tarehe tisa ya mwezi huohuo.

"Muhuri wa raba ukigandamizwa, wino hutanuka pembeni. Huu ukingo wake ni mwembamba kama uzi. Ni shaba. Na shaba yenyewe imeanguka sakafuni siku moja. Unaona hapa juu, upande wa kulia? Kipande cha mviringo kimemeguka, kama jino."

Inspekta akainama, akaliona pengo. Lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama. Akachukua pasipoti, akashukuru, akamgusa Koplo begani ili kiti kipumzike.

Mwenye pasipoti alikuwa mgeni aliyeishi nchini miaka thelathini na moja akitengeneza mizani za sokoni, za posta na za zahanati, hadi jina lake likasahaulika na watu wakamwita Bwana Mizani. Maelezo yake yalikuwa mafupi: alikwenda kwao kumzika baba yake, akarudi baada ya siku saba. Kitabu cha kituo cha mpakani kilisema vingine. Alitoka, hakurudi. Hakuna aliyekuwa ameliona hilo kwa miaka kumi na tisa, mpaka yeye mwenyewe alipoomba ukaazi wa kudumu na karani mmoja mwenye bidii akakifungua kitabu. Asingeomba, wangeendelea kumsahau kwa amani.

Uhamiaji wakaita polisi: kughushi muhuri. Inspekta alipewa mpaka kesho saa sita mchana. Asipoleta ushahidi kwamba mtu huyu aliingia kwa halali, saa hiyohiyo angepandishwa basi la mpakani, na marufuku ya miaka mitano juu. Bwana Mizani alikuwa na miaka sitini na minne. Mkewe, mzaliwa wa hapa, alikuwa na sitini na moja na moyo uliodunda pale unapojisikia. Hawakujaliwa watoto. Kila mmoja alikuwa na mwenzake tu.

"Kama muhuri ni wa kweli," Koplo akasema wakiwa njiani, "basi kesi imekwisha. Aliingia, akagongewa, karani wa siku hiyo akasahau kuandika kitabuni. Twende tukale."

"Muhuri ukiwa wa kweli haina maana kuwa tarehe ni ya kweli."

"Nilijua utasema kitu cha kutuchelewesha."

Masijala ya Uhamiaji ilikuwa chini ya ardhi, ikitunzwa na mama mmoja aliyekuwa amebakiza miezi mitatu kustaafu na ambaye alifuma sweta bila kutazama mikono. Wote walimwita Mama Masijala.

"Nataka kadi za walioingia kituo cha mpakani," Inspekta akamwambia. "Mwezi wa tatu, miaka kumi na tisa iliyopita."

"Mwanangu, mwaka huo mimi nilikuwa na kiuno." Akaweka sweta chini. "Rafu ya saba. Ukipata na hicho kiuno changu huko, uniletee."

Kila msafiri aliyeingia alijaza kadi, na kadi iligongwa muhuri uleule uliogongwa kwenye pasipoti yake. Inspekta aliipata bahasha ya tarehe tisa. Kadi arobaini na moja. Akazipanga sakafuni safu kwa safu, akapiga magoti, akapita na kioo cha kukuzia. Kadi ya Bwana Mizani haikuwemo. Lakini hilo alilitarajia. Alichokuwa akitafuta ni jino.

"Mviringo mzima," akasema. "Kadi zote arobaini na moja. Muhuri namba tatu, kama wa kwenye pasipoti, lakini mzima."

"Labda ulimeguka jioni ya siku hiyo, yeye akiwa wa mwisho," Koplo akasema.

"Tazama za tarehe kumi."

Koplo akatazama. Akatazama za mwezi wa nne, za mwezi wa saba, za mwisho wa mwaka. Akaanza mwaka uliofuata, akilalamikia goti kila alipobadilisha bahasha. Saa mbili zikapita. Mama Masijala alikuwa amemaliza mkono mmoja wa sweta Koplo aliposema, bila utani wowote, "Hili hapa."

Mwezi wa kumi na moja, mwaka uliofuata. Tarehe kumi na tano muhuri ulikuwa mzima. Tarehe kumi na sita ulikuwa na pengo, juu, upande wa kulia.

Inspekta akaweka pasipoti kando ya kadi. Pengo kwa pengo.

"Basi alirudi tarehe tisa au hakurudi," akasema polepole, "lakini muhuri huu uligongwa mwaka na miezi minane baadaye, au zaidi. Mtu aliushika muhuri wenyewe, akarudisha magurudumu ya tarehe nyuma. Mama, mihuri ilikuwa ikikabidhiwa vipi?"

"Kwa daftari. Unausaini asubuhi, unaurudisha jioni. Ukiupoteza, unarudi kwenu."

Daftari la mihuri lilikuwa na sahihi moja tu kwenye namba tatu, mwaka ule na mwaka uliofuata. Sahihi kubwa, yenye mkia. Mama Masijala hakuhitaji kusoma.

"Huyo ni Kamanda. Hakuwahi kuwa kamanda wa chochote, alikuwa na sauti tu. Alistaafu siku nyingi. Jalada lake lipo."

Inspekta alilifungua kwenye ukurasa wa ndugu wa karibu. Kamanda hakuandika mke. Aliandika dada yake, na chini ya jina la dada, mahali anapoishi: mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni, nyumba ya mlango wa kijani.

Koplo akasoma juu ya bega lake.

"Mlango wa kijani tumeshaugonga," akasema. "Jana. Kwa Bwana Mizani."

* * *

Bwana Mizani alikuwa ukumbini, ameketi kwenye kigoda mbele ya mizani ya zahanati, ile ya kuning'iniza watoto. Alikuwa ameifungua tumbo. Kando yake mizani nyingine sita zilisubiri, kila moja imefungiwa karatasi yenye jina la mwenyewe. Alikuwa akihesabu kwa sauti ndogo, kwa lugha ya kwao. Kila alipopima alihesabu hivyo, ingawa kuota alikwisha kuanza kuota kwa lugha ya hapa.

"Karibuni," akasema. "Samahani siinuki. Nikiiachia hii springi sasa hivi, tutaitafuta kwa jirani."

Mkewe aliwaletea viti. Alimwita Inspekta mwanangu, akamwangalia Koplo na goti lake, akaongeza mto.

"Mzee," Inspekta akasema, "muhuri wa tarehe tisa. Nani alikugongea?"

Springi iliingia mahali pake. Bwana Mizani akafuta mikono.

"Niligonga mwenyewe."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Mimi ni fundi, nina vyuma, nina patasi. Nilichonga, nikagonga, nikatupa. Andika, afande, nitaweka sahihi."

Koplo akatoa kalamu. Inspekta hakumruhusu kuitumia.

"Ulichonga kwa kitu gani?"

"Kwa... raba. Soli ya kiatu."

"Muhuri huu ni wa shaba."

"Ndiyo, shaba. Nimechanganya. Ni muda mrefu."

"Wino ulinunua wapi?"

"Dukani."

"Rangi gani?"

Bwana Mizani akamtazama mkewe. Mkewe akatazama dari. Kutoka jikoni sauti nene, yenye ukubwa wa uwanja wa gwaride, ikasema:

"Zambarau, shemeji! Miaka thelathini nakufundisha kudanganya, hata rangi hukumbuki!"

Mzee mrefu akajitokeza mlangoni na bakuli la uji mkononi.

"Wewe nyamaza," Bwana Mizani akamwambia. "Umeitwa?"

"Mwongo mwenyewe ovyo. Unataka ufungwe kwa raba ya kiatu? Watakucheka hata wafungwa." Akaweka bakuli mezani, akamgeukia Inspekta. "Mimi ndiye Kamanda. Muhuri niligonga mimi. Keti vizuri nikueleze, maana huyu atakuchosha."

"Kaka," mkewe Bwana Mizani akasema kwa sauti ya chini, "fikiri kwanza."

"Nimefikiri tangu jana nikiwasikiliza hawa kutoka jikoni. Uji umepoa nikifikiri."

Inspekta akamwashiria Koplo. Sasa kalamu ilianza kufanya kazi.

"Alirudi tarehe tisa?"

"Alirudi. Saa nne asubuhi. Amevaa koti la marehemu baba yake, mikono inamfika kwenye kucha. Alikuwa na foleni nyuma yake. Akafika dirishani kwangu, akatoa pasipoti."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwuliza, hiyo ya nini? Afande, jaribu kuona. Mtu ametoka kumzika baba yake. Mimi ni shemeji yake, mtu wa kwanza wa nyumba yetu kumwona tangu msiba. Nimwambie nini? Pole sana, umetokea wapi, utakaa siku ngapi? Halafu nimgongee muhuri kama mchuuzi wa kupita? Dada yangu angenisamehe?"

"Nisingekusamehe," dada akasema.

"Unasikia? Nikatoka nyuma ya kaunta. Nikamkumbatia. Tukalia wote wawili, foleni inatutazama. Nikambebea begi mpaka kwenye basi. Nikarudi kwenye kiti changu, nikamwita anayefuata."

"Na muhuri?"

"Ulikuwa pale mezani. Sikuukumbuka hata kidogo. Wala yeye."

"Siku hiyohiyo alinipigia simu," dada akasema. "Akaniambia, dada, mumeo nimekupokelea."

Kalamu ya Koplo ilisimama, kisha ikaendelea.

"Mwaka uliofuata, mwishoni," Kamanda akasema, "kibali chake kinataka kuongezwa muda, anafungua pasipoti, anaona ametoka hakuingia. Akaja kituoni ametoa macho. Mimi nikacheka. Nikamwambia, kama ni hilo tu lete. Nikarudisha tarehe, nikagonga. Kitabu cha mwaka ule kilikwisha kupelekwa makao makuu, hicho sikuweza kukifikia. Nikasema, nani atakifungua?"

Nje mtu alikuwa akiuliza kama mizani yake ya samaki imekuwa tayari. Bwana Mizani akamjibu kwamba ni kesho asubuhi na mapema, aje bila kuchelewa.

"Nikiweka sahihi hapo," Kamanda akauliza, "anabaki?"

"Maandishi haya yanaonyesha hakughushi," Inspekta akasema. "Hilo nina hakika nalo."

"Sikukuuliza hilo, mwanangu. Anabaki?"

"Nitawauliza kesho asubuhi."

Kamanda akaweka sahihi. Mkia ulikuwa uleule.

* * *

Afisa Uhamiaji alikuwa mtu mpole, mwenye tai iliyonyooka na sauti ya daktari anayetafuta mahali pa kuanzia. Alisoma kurasa tatu za maelezo, akasoma kadi, akatazama mapengo mawili kwa kioo cha Inspekta. Alichukua nusu saa.

"Kazi nzuri sana," akasema. "Nasema kwa moyo. Kesi ya kughushi dhidi ya mgeni naifuta sasa hivi. Ya huyu Kamanda tutafungua jalada wiki ijayo."

"Na mgeni?"

Akageuza fomu ili Inspekta aione. Ilikuwa na visanduku viwili. Aliingia kwa halali. Aliingia bila kibali.

"Mpaka jana," Afisa akasema, "nilikuwa na shaka. Nilikuwa na muhuri mmoja na kitabu kimoja vinavyogombana, na penye shaka ningeweza kumpa muda. Wewe umeiondoa shaka. Kwa maelezo haya, siku ile hakuna aliyemwingiza."

"Afisa wa zamu alimwona kwa macho yake. Alimkumbatia."

"Alimpokea shemeji. Sheria haina dirisha hilo."

"Mmempa vibali miaka kumi na tisa."

"Kwa makosa. Tumeandika barua ya kujikosoa."

"Mtampelekea?"

"Hapana, ni ya ndani."

Koplo akakohoa. Inspekta akasogeza kiti mbele.

"Atoke leo, aingie kesho, agongewe kama kawaida."

"Ipo marufuku ya miaka mitano. Inaingia yenyewe kwenye mashine, hata mimi siigusi."

"Nani anaweza kuiondoa?"

"Waziri. Kwa maombi."

"Maombi yanachukua muda gani?"

"Miezi kumi na minane, kama hakuna likizo. Na mwombaji," akasema huku akiangalia pembeni, "sharti awe ndani ya nchi wakati wa kuomba."

Inspekta alinyoosha mkono, akayavuta maelezo ya Kamanda upande wake wa meza. Afisa hakuyazuia. Alisubiri tu, kwa adabu, kama anavyosubiriwa mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

"Yamekwisha kupewa namba," akasema. "Asubuhi, ulipoingia. Pale mapokezi."

Akatia alama kwenye kisanduku cha pili. Kisha akaigeuza fomu tena na kumpa kalamu, kwa sababu chini palihitajika sahihi ya afisa mpelelezi. Inspekta alisoma kila mstari. Hapakuwa na neno la uongo. Akasaini.

Kwenye ukumbi wa Uhamiaji, Bwana Mizani alikuwa kwenye benchi kati ya askari wawili. Alikuwa ameanza alfajiri na kukabidhi mizani zote saba; ile ya zahanati aliipeleka mwenyewe. Alimtazama Inspekta akija, akaona uso, akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa bidhaa aliyokwisha kuagiza.

"Yeye watamfanyaje?" akauliza. "Shemeji."

"Ataitwa wiki ijayo."

"Mwambie asiende na ile sauti yake."

Mkewe hakuwa benchini. Alikuwa dirisha namba nne, amesimama na mkoba wake, nyuma ya watu watatu, kisha wawili, kisha mmoja. Inspekta akaenda kusimama karibu naye. Ni kitu pekee kilichobaki cha kufanya.

"Nataka kumfuata mume wangu," mama akamwambia karani. "Naanzia wapi?"

"Pasipoti unayo?"

"Ya nini? Sijawahi kutoka."

"Basi unaanza na pasipoti, mama." Karani akachomoa fomu, akaipiga mistari kwa kalamu hapa na pale. "Cheti cha kuzaliwa. Picha nne. Na barua ya mwenyeji wako wa huko unakokwenda, atakayekupokea. Bila barua hatuipokei fomu."

"Mwenyeji wangu si ndiye huyo anaondoka?"

"Anaweza kuandika yeye. Sharti tu awe mkaazi wa huko." Karani akasoma kwa kidole. "Si chini ya miaka mitano mfululizo."

Mama akaichukua fomu. Akaikunja mara moja, akaikunjua, akageuka kuelekea benchi. Askari mmoja alikuwa amekwisha kusimama na kushika begi.

"Mwenzangu!" akaita, na ukumbi wote ukageuka. "Kwenu kule sasa una miaka mingapi?"

Bwana Mizani akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi.

"Bado sijaanza," akasema.